Loisi apandisha dizeli hadi paani

Saa moja na robo asubuhi, upepo wa Juni ukipenya makoti ya watu wa Dodoma, Loisi Ndahani anaizunguka pikapu nyeupe ya dizeli mara mbili bila kuigusa. Anainama kutazama matairi. Anachungulia chini ya injini kama kuna mafuta yaliyodondoka. Kisha anafungua mlango, anakaa, anasogeza kiti mbele, anakanyaga klachi hadi mwisho na kuitikisa gia kwa kiganja.

Gia haichezi.

"Bi. Asma," anasema akitoa kichwa dirishani, "gari mmeliacha kwenye gia ya kwanza, na pua iko ukutani."

Bi. Asma, meneja wa jengo hili la maegesho lililo nyuma ya soko la Majengo, haonyeshi hata jino moja. Anaandika kitu kwenye karatasi. "Endelea," anasema.

Pembeni, kijana Halfani, mmoja wa madereva wa jengo, anacheka kwa sauti. "Dada Loisi, mtego huo ungeninasa mimi asubuhi na mapema!"

"Wewe ungenaswa hata gari likiwa halina injini," Loisi anamjibu, na kurudisha gia katikati.

Huu ni mtihani. Njia yenyewe ni fupi, haifiki hata robo kilomita: kutoka chini hadi paa la ghorofa ya tano, kupitia miinuko mitano myembamba yenye kuta za zege pande zote mbili. Lakini mwisho wa miinuko hiyo kuna kazi, na Loisi ameifuata kwa miezi minne.

Kwa sasa mama huyu wa watoto wawili, mwenye umri wa miaka 34, anakata tiketi kwenye dirisha la kuingilia. Tarehe mosi Julai dirisha hilo linafungwa. Mashine ya kutoa tiketi imekwishafika, iko ndani ya boksi lake karibu na ngazi, na wanawake wanne wanaokata tiketi wanaipita kila asubuhi wanapoingia kazini. Nafasi pekee iliyotangazwa na uongozi ni ya dereva wa kupandisha magari ya gia za mkono. Akifaulu leo, anabaki. Akishindwa, mkataba wake wa Sh260,000 kwa mwezi unaishia hapo.

"Sijaja kubahatisha," anasema kabla ya kuwasha. "Nimekuja kuchukua kazi yangu."

Neno "yangu" analitamka kwa uzito, na ana sababu. Kazi hiyo aliwahi kuifanya, akaipoteza kwa kosa lake mwenyewe, na halifichi.

Katika jengo hili mteja haegeshi gari lake. Analiacha chini, anakabidhi ufunguo, na dereva wa jengo analipandisha ghorofani. Miinuko ni mikali na kona zake zinabana kiasi kwamba wajenzi wenyewe walishauri wageni wasiruhusiwe kupanda. Magari yapatayo mia mbili huingia kwa siku, na mengi ni ya otomatiki, ya wafanyakazi wa ofisini, ambayo kijana yeyote mwenye leseni mpya anayamudu.

Lakini Dodoma si ofisi peke yake. Kutoka Kongwa, Kondoa na Mpwapwa huja pikapu za dizeli zenye vumbi jekundu hadi juu ya vioo, zenye klachi nzito na breki za mkono zilizolegea. Ndizo zinazoleta nafaka sokoni. Ndizo zilizowaogopesha madereva wa jengo tangu siku ya kwanza.

Loisi hakuziogopa. Amekulia ndani yake.

Baba yake, Mzee Nathanaeli Ndahani, aliendesha pikapu ya mfugaji mmoja huko Kongwa kwa miaka ishirini na mitatu, akipeleka chumvi na dawa za kuogeshea mifugo. Loisi alikuwa binti wa pili. Akiwa na miaka kumi na sita tayari alikuwa akiisogeza pikapu hiyo kutoka zizini hadi kisimani.

"Mzee alitufundisha kwamba gari la dizeli unalisikiliza kwanza ndiyo unalikalia," anasimulia. "Unasimama nje, unapitisha mkono dirishani, unazungusha ufunguo nusu, unasubiri taa ya njano ya kupasha injini izimike, halafu unawasha. Hapo unatazama moshi na kusikia mlio. Mlio ukiwa mbaya, hata mlango hufungui."

Huko zizini desturi hiyo haikuwa na ubaya wowote. Gari liliachwa bila gia, na chini ya tairi liliwekwa jiwe. Kila dereva alijua, kila mtu alifanya vivyo hivyo.

Februari mwaka huu, Loisi aliipeleka desturi ya zizini ghorofa ya tatu.

Pikapu ilikuwa ya Mzee Mbwana, mfanyabiashara wa ulezi kutoka Kondoa mwenye duka la jumla pale Majengo. Siku hiyo alikuwa na haraka, akamwambia kijana wa jengo kwamba angeipandisha na kuiegesha mwenyewe. Waya wa breki yake ya mkono ulikuwa umekatika wiki nzima, hivyo alifanya kama madereva wengi wenye tatizo hilo: aliiacha kwenye gia ya kwanza ili isiteleze. Hakumwambia mtu. Alasiri Loisi alitumwa kuishusha.

"Nilisimama nje," anasema. "Nikapitisha mkono. Taa ikazimika. Nikawasha."

Pikapu iliruka. Dizeli haina simile ikiwa kwenye gia. Iliwaka na kuendelea kwenda, ikapanda kizuizi cha zege, ikagonga nguzo, ndipo ikazima. Taa ya kushoto ilivunjika na bampa likajikunja. Loisi, ambaye mkono wake ulikuwa bado dirishani, aliburutwa hatua tatu. Kovu la kiwiko anaonyesha bila kuombwa.

"Mbele ya ile nguzo, dakika moja kabla, palikuwa na mama amesimama anatafuta simu kwenye mkoba," anasema. "Dakika moja tu."

Jioni hiyohiyo aliandika maelezo ya ukurasa mmoja. Wenzake walimshauri aandike kwamba gari lilikuwa bovu. Alikataa. Aliandika: "Niliwasha gari nikiwa nje. Sikukagua gia. Kosa ni langu."

Bi. Asma bado anayo karatasi hiyo kwenye faili. "Nilitarajia hadithi," anasema meneja huyo, mwanamke mkavu wa maneno ambaye kabla ya kuja hapa alisimamia kituo cha mabasi. "Katika kazi hii watu huniletea hadithi. Yeye aliniletea kosa. Hiyo ndiyo sababu sikumfukuza. Lakini usukani nilimnyang'anya."

Loisi alipelekwa dirishani. Siku hiyohiyo ukatoka uamuzi mwingine: gari lolote la dizeli la gia za mkono lisipande ghorofani. Wenye pikapu wakabaki kuegesha kandokando ya barabara, kwenye jua, wakivutana na askari wa usalama barabarani na wenye bajaji.

Wengine wangekaa dirishani wakamshukuru Mungu kwa mshahara. Loisi alichukua basi la Kongwa.

Kila Jumapili baada ya ibada, kwa miezi minne, alikwenda kwa baba yake, ambaye sasa amestaafu lakini bado anaruhusiwa kuazima pikapu ya tajiri wake wa zamani. Nyuma ya zizi kuna kilima cha mawe. Alipanda, akasimama katikati, akapanda tena. Hiyo ilikuwa kazi nyepesi. Ngumu ilikuwa kuufundisha mkono.

"Mkono ulikuwa unakwenda dirishani wenyewe," anasema. "Nafika kwenye gari, sijafikiri chochote, mkono umeshaingia. Nikasema, sawa. Nikawa nafunga vioo vyote kabla ya kushuka. Mkono ukija, unagonga kioo. Nimegonga kioo Jumapili sita mfululizo. Ya saba mkono ukashika kitasa cha mlango."

Baba yake alipinga mwanzoni. Aliona kama binti anamfuta. "Mzee aliniuliza, 'Kwa hiyo mimi miaka yote hiyo nilikuwa naendesha vibaya?' Nikamwambia, baba, hapana, wewe uliendesha porini. Mimi chini yangu kuna ghorofa na watu."

Aliyerudisha suala hili mezani ni mtu ambaye hakuna aliyemtarajia. Mwezi uliopita Mzee Mbwana mwenyewe alipanda hadi ofisi ya meneja, amechoka kubebesha watu magunia kutoka barabarani.

"Nilimwambia Bi. Asma, yule binti alikosea, na mimi nilikosea," anasema mzee huyo wa miaka 67, kofia yake ya kufuma imekaa upande. "Nilimwachia mtego bila kumwambia. Bampa nimelinyoosha, breki nimetengeneza. Mpeni gari langu hilihili ajaribiwe nalo. Akiligonga tena, basi, nitanunua punda."

Ndiyo maana leo yupo hapa, anaufuata mtihani kwa miguu, pamoja na Bi. Asma, Halfani, na Naima, mkata tiketi mwenzake Loisi aliyeomba ruhusa ya nusu saa.

"Binti Mgogo!" Mzee Mbwana anapaza sauti. "Hilo si ng'ombe, halisimami kwa mluzi!"

"Shikamoo kwanza, Mzee, ndipo unitanie!" Loisi anajibu kutoka ndani ya gari. "Nanyi Warangi mngekuwa na breki tangu Februari, mimi nisingekaa dirishani!"

"Marahaba, marahaba. Haya, washa."

Masharti ya Bi. Asma ni mawili. Gari lisimame katikati ya mwinuko wa kwanza, wa tatu na wa tano, na kila mara liondoke bila kurudi nyuma. Na breki ya mkono isiguswe wakati wa kuondoka, kwa sababu nusu ya pikapu zinazofika hapa hazina breki hiyo ya kutegemewa.

Taa ya njano inazimika. Injini inakohoa mara moja, inatoa moshi mweupe wa baridi, kisha inatulia. Loisi anaisikiliza kwa muda, akiwa amekaa.

Mwinuko wa kwanza anasimama panapotakiwa. Bi. Asma anaweka kiberiti nyuma ya tairi la kulia, kama walivyokuwa wakifanya wakaguzi wa zamani wa leseni. Gari likirudi hata kidole kimoja, kiberiti kinasagika.

Hapa ndipo madereva wengi hukanyaga mafuta kwa hofu, injini ikanguruma na ghorofa nzima ikajaa moshi. Loisi hakanyagi mafuta kabisa. Mguu wa kulia uko kwenye breki, wa kushoto unaachia klachi pole pole hadi pua ya gari inapoinuka kidogo na mlio wa injini unaposhuka. Hapo anaachia breki. Pikapu inaondoka kwa nguvu zake yenyewe, taratibu, bila kelele.

"Hajaongeza mafuta?" Halfani anauliza, macho yamemtoka.

"Dizeli inabeba bila kusukumwa," Loisi anamwambia kupitia dirisha. "Wewe ipe nafasi tu. Ukiikaripia ndiyo inazima."

Kiberiti ni kizima. Mwinuko wa tatu pia. Wanapopita ile nguzo ya ghorofa ya tatu, ambayo bado ina alama ya rangi nyeupe, Loisi haigeuzii shingo. Naima ndiye anayeitazama.

Mwinuko wa tano unatoka nje, kuelekea paani, na ndio mkali kuliko yote. Upepo unashuka nao kutoka juu. Loisi anasimama katikati. Bi. Asma anaingiza mkono mfukoni kutafuta kiberiti, lakini Mzee Mbwana anamzuia.

"Kiberiti ni shilingi ngapi? Kikifa nani atalia?" Anavua kofia yake ya kufuma na kuiweka nyuma ya tairi. "Hii alinifumia mke wangu. Miezi mitatu alikaa nayo. Sasa tuone."

Watu wanacheka. Upepo nao hausubiri. Unaiinua kofia, unaizungusha, unaitupa chini ya mwinuko hadi ghorofa ya nne, na Halfani anaondoka mbio kuifuata. Loisi amebaki palepale, mguu kwenye breki, macho kwenye kioo cha pembeni.

Ndipo Mzee Mbwana, pengine kwa utani uliomzidi, pengine kwa imani, anafanya jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi ya mtu yeyote. Anakwenda nyuma ya pikapu na kusimama mwenyewe, mita moja kutoka kwenye tairi, mikono kiunoni.

"Nitakuwa kofia mimi!" anasema. "Panda, binti. Nimekuamini."

Loisi anamwona kwenye kioo. Haondoki.

"Mzee, toka hapo."

"Panda! Minne umepanda, wa tano utakushinda?"

"Mzee Mbwana, nimesema toka."

Bi. Asma ameinua macho kutoka kwenye karatasi. Kalamu yake imesimama. Naima anamwambia Loisi kwa sauti ya chini, aliyoitaka isikike na mmoja tu: "Loisi, panda. Kazi hiyo, umebakisha mita kumi."

Injini inazima. Si kwa kushindwa. Ni mkono wa Loisi uliozungusha ufunguo. Anavuta breki ya mkono, anaingiza gia ya kwanza, anageuza matairi yaelekee ukutani, anafungua mlango na kushuka.

"Andika nimeshindwa," anamwambia meneja. "Sipandishi gari mtu akiwa nyuma yake. Hata akiniamini. Nimeshaumiza gari moja, siumizi mtu. Kama kazi hii inataka nifanye hivyo, basi si ile niliyokuja kuichukua."

Mzee Mbwana anasogea pembeni, ameshika kichwa chake kilicho wazi. "Basi, binti," anasema polepole. "Basi. Nimekosa tena."

Bi. Asma anaigeuza karatasi yake, anaandika mistari miwili, anafunika kalamu. "Mzee, njoo usimame huku kwangu, kando ya ukuta. Na usinisogelee hadi tufike paani." Kisha anamgeukia Loisi. "Na wewe unasubiri nini? Mtihani una miinuko mitano. Nimehesabu minne na nusu."

Loisi anarudi garini. Anakaa. Klachi, gia, ufunguo, taa, injini. Anaachia breki ya mkono akiwa amekanyaga ya mguu, anasubiri pua iinuke, na pikapu nyeupe inapanda hadi kwenye mwanga wa jua, ikaegeshwa kati ya mistari miwili ya njano, sawasawa, mabati ya soko zima yakiwa chini yake.

Hakuna aliyepiga makofi. Halfani amefika anahema, kofia mkononi, anauliza: "Nimekosa nini? Amepanda?"

"Umekosa kila kitu," Naima anamwambia, na machozi yanamtoka akicheka.

Baadaye, akiwa ofisini, Bi. Asma anaeleza alichoandika katika ile mistari miwili. Wa kwanza unasema Loisi Ndahani ataanza kupandisha magari ya dizeli tarehe mosi Julai, kwa mshahara wa Sh340,000. Wa pili unasema hakuna dereva wa jengo atakayewasha gari lolote, la mteja yeyote, akiwa amesimama nje au kukiwa na mtu mbele au nyuma yake.

"Kubalansi klachi, nitapata mtu wa kumfundisha yeyote," anasema. "Ile ya kuzima injini akiwa amebakisha mita kumi, hiyo sijui inafundishwa wapi."

Loisi hakubaki kusikia sifa hizo. Saa tatu kamili alikuwa amesharudi dirishani, maana Julai haijafika na foleni ilikuwa imefika barabarani. Kati ya gari moja na jingine anaeleza mpango wake, na inaonekana ameupika siku nyingi. Magari ya dizeli yakirudi ghorofani, dereva mmoja hatatosha. Wenzake watatu wa dirishani hawana pa kwenda mashine itakapofunguliwa. Amekwishamwomba Mzee Mbwana pikapu kwa kila Jumamosi asubuhi, na mzee, ambaye leo hana ubavu wa kumkatalia kitu, amekubali. Kiwanja wamekipata Area D, pana mwinuko mdogo wa udongo na hapapiti watu. Atakayeiva, atampeleka mwenyewe kwa Bi. Asma.

"Meneja hajaniahidi nafasi nyingine," anasema. "Lakini hataweza kusema hakuna wanaojua."

Wa kwanza ni Naima, ambaye hajawahi kushika usukani maishani mwake. Kwenye dirisha la pili, akirudisha chenji kwa mteja, anauliza bila kugeuka: "Jumamosi nije na viatu gani? Raba sina."

"Saa moja juu ya alama," Loisi anamjibu. "Na usije na ndala, zitanasa kwenye pedeli."

"Basi nitaendesha peku."

"Peku ndiyo vizuri," Loisi anasema, huku akimpungia mkono dereva wa pikapu anayesita getini, mwenye vumbi la Kongwa hadi kwenye kope. "Klachi utaisikia kwenye unyayo."